Nyumba ya Dodoma Ikague kwa Msimu Usiouona

Wengi wanaotafuta nyumba ya kununua Dodoma huzunguka na dalali wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Oktoba. Barabara za mitaa ya Nzuguni, Mkonze au Michese zinapitika bila shida, kuta zimekauka, rangi imepakwa upya, ua umefagiwa. Mwezi wa nane nyumba yoyote ya hapa hupendeza. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima ni kama milimita 550 hadi 600 tu. Ila hunyesha kwa kishindo, na mvua ya saa mbili ya Januari hutosha kufichua kasoro iliyojificha miezi saba. Anayenunua masika naye ana lake asiloliona: hajui maji ya bomba yatakuwaje Oktoba, wala upepo wa Julai utaingiza vumbi kiasi gani sebuleni.

Ndiyo maana katika kukagua nyumba za hapa nashikilia jambo moja: utafute msimu ambao haupo. Masika huacha alama zake ukutani hata ukija Septemba, na kiangazi huacha zake kwenye matenki na mabomba hata ukija Februari. Kinachotakiwa ni kujua pa kutazama.

Anza na udongo, kwa sababu ndio unaovunja nyumba nyingi za Dodoma. Ndani ya mtaa mmoja unaweza kukuta udongo mwekundu wenye kichanga, mwamba wa granaiti uliojitokeza juu, na hatua mia mbele udongo mweusi wa mbuga. Huo mweusi ndio wa kuogopa. Ukinywa maji huvimba na kuinua msingi, ukikauka husinyaa na kuacha mipasuko inayoingia mkono. Msingi wa kina kifupi uliokaa juu yake hupanda na kushuka kila mwaka, na kwa kuwa haupandi sawasawa pande zote, ukuta hupasuka. Kiangazi utautambua kwa mipasuko ya ardhi yenyewe, uani au kwenye kiwanja cha jirani. Masika utautambua kwa jinsi unavyoganda kwenye viatu. Ukiwa na shaka, chukua udongo wa kina cha nusu mita hivi, uloweshe, uusokote kati ya viganja. Ukitoka ujiti mwembamba kama penseli usiokatika, mfinyanzi ni mwingi. Ukimomonyoka mapema, kichanga kimezidi na hali ni nafuu.

Kisha geukia nyufa. Kuna watu wakiona ufa wowote hukimbia, na kuna wengine huambiwa "hiyo ni plasta tu" wakaamini. Wote wanakosea. Nyufa nyembamba kama unywele zinazotambaa kwenye plasta kama utando, bila mwelekeo, ni za saruji iliyokauka haraka mno kwa jua letu, wala hazina madhara. Ufa wa kutia wasiwasi huanzia pembeni mwa dirisha au mlango na kupanda kwa mshazari, au hufuata maungio ya tofali kwa mtindo wa ngazi. Zunguka nje uone kama umetokea upande wa pili wa ukuta mahali pale pale. Ukitokea, umepita kwenye tofali. Kadi ya benki ina unene wa karibu milimita 0.8, ikiingia kwenye ufa kwa ulegevu na kuzama, mwite mhandisi kabla hujataja bei. Angalia pia ufa ni mpana wapi. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini, mara nyingi kona ya nyumba inazama na kuvuta ukuta utengane. Ukutani palipozibwa na kupakwa rangi, pitisha kiganja huku umefumba macho. Ufa uliozibwa husikika kama mshono hata kama macho hayauoni. Kisha mulika tochi kwa kuilaza ukutani.

Swali la muhimu kuliko upana ni hili: ufa bado unatembea? Koroga unga wa jipsamu na maji, bandika kiraka cha ukubwa wa kiganja kikiwa kimevuka ufa, andika tarehe juu yake kwa kalamu ya wino. Fanya hivyo sehemu tatu tofauti. Rudi baada ya wiki tatu au nne, muda ambao upekuzi wa hati na mashauriano ya bei huwa bado unaendelea. Kiraka kikipasuka katikati, ukuta unasogea. Kikibaki kizima kiangazi, usishangilie sana, maana udongo mkavu hautembei. Lakini kikipasuka hata kiangazi, hiyo nyumba usiichukue bila tathmini ya mhandisi na bei iliyopunguzwa ipasavyo. Muuzaji anayekataa kiraka kisichoharibu chochote, muulize kwa nini.

Mara nyingi sababu ya kona kuzama haiko mbali nayo. Tazama kama bati halina gata na maji yanadondoka mguuni mwa msingi; utaona mtaro mdogo uliochimbika ardhini sambamba na ukingo wa bati, na matope yaliyorukia ukutani hadi futi moja juu. Hiyo ndiyo saini ya masika, na haifutiki kirahisi. Tazama kama shimo la maji taka limechimbwa mita mbili kutoka ukutani, au bomba la bafuni linavuja chini kwa chini, au mti mkubwa umesimama karibu na kona na kunyonya unyevu upande mmoja. Habari njema ni kwamba mengi ya haya yana dawa isiyo ghali: gata, bomba la kuyapeleka maji mbali, na mkanda wa zege kuzunguka nyumba wenye upana wa sentimita 90 ulioinamia nje kwa sentimita 5 kila mita. Mkanda huo husaidia udongo wa chini ya msingi usilowe na kukauka kwa ghafla. Kwenye nyumba za udongo mweusi ni kazi ya kwanza kabisa, kabla ya rangi, kabla ya pazia.

Jambo jingine linaloonekana sana hapa ni chumvi. Ukuta kumomonyoka kwa chini, rangi kuvimba malengelenge, na unga mweupe kutokea kati ya sakafu na urefu wa goti. Maji ya ardhini yenye chumvi hupanda ndani ya tofali, hufika usoni mwa ukuta, maji yakakauka na chumvi ikabaki ikisukuma plasta. Chanzo huwa ni msingi uliojengwa bila nailoni ya kuzuia unyevu, au kifusi cha nje kilichojazwa hadi kupita usawa wa nailoni hiyo. Rangi mpya iliyopakwa futi tatu za chini peke yake, au vigae vilivyobandikwa ukutani kwa nje hadi kiunoni, inabidi vikufanye uulize. Kwangua kidogo kwa msumari. Plasta nzima hutoa mkwaruzo. Iliyokufa hutoka unga. Kupaka rangi ya mafuta juu yake ni kupoteza fedha, maana unyevu hupanda juu zaidi ukitafuta pa kutokea. Plasta ya zamani ing'olewe, unyevu uzuiwe, ndipo ipigwe mpya.

Kwa anayenunua pagale, yaani nyumba ambayo haijaisha, kuna faida moja: kila kitu kiko wazi. Tazama mkanda wa zege juu ya madirisha na milango kama umezunguka nyumba nzima bila kukatika. Dodoma tuko jirani na bonde la ufa, mitetemo huja mara moja moja, na mkanda ndio unaozishika kuta zisitengane. Wa kawaida huwa na nondo nne za milimita 12 na ringi kila sentimita 20. Penye nondo zilizoachwa nje, angalia kutu: ya juu juu inayofutika kwa brashi si tatizo, inayobanduka magamba imeshakula chuma. Kwangua tofali kwa msumari pia. Tofali linalochimbika kirahisi lilifyatuliwa kwa saruji kidogo au mchanga wenye vumbi, na tayari limepigwa jua na mvua bila plasta.

Sasa maji. Hapa ndipo anayenunua masika anapouziwa mbuzi kwenye gunia. Chanzo kikuu cha maji ya jiji ni visima vya Mzakwe, kwenye bonde la Makutupora kaskazini mwa mji, na tangu Serikali ilipohamia Dodoma mahitaji yamekua kuliko visima. DUWASA, mamlaka ya maji ya jiji, hugawa maji kwa ratiba ya maeneo. Dalali atakwambia "maji yapo", na hasemi uongo, bomba lipo kweli. Unachotakiwa kujua ni siku gani yanatoka, saa ngapi, na kwa presha gani. Waulize majirani watatu, mmoja wao awe mpangaji kwa sababu hana nyumba ya kutetea. Kisha uende siku ya mgao, hata kama ni usiku, ufungue koki ya nje iliyo karibu na dira ya maji. Ndoo ya lita 20 ikijaa ndani ya dakika mbili, umepata. Ikichukua dakika kumi, tenki la juu halitajaa kwa nguvu ya bomba, na itabidi uwe na tenki la chini na pampu ndogo ya kupandishia.

Ukubwa wa tenki usikisie. Mtu mmoja kwenye nyumba yenye choo cha kuvuta na shawa hutumia lita 50 hadi 60 kwa siku akiwa mwangalifu. Familia ya watu watano ni lita 300. Maji yakitoka mara mbili kwa wiki, pengo ni siku tatu au nne, yaani lita 1,200, na mgao mmoja ukiruka unahitaji mara mbili yake. Kwa hiyo tenki la lita 1,000 linalopendeza juu ya nyumba nyingi zinazouzwa ni la picha tu. Panga lita 5,000 chini na 1,000 hadi 2,000 juu. Kabla ya kuongeza la juu, kagua mnara: lita moja ni kilo moja, lita 2,000 ni tani mbili bila kuhesabu tenki lenyewe. Tenki la plastiki likae juu ya sakafu ya zege iliyosawazika, isiwe mbao zilizoachana, maana kitako huning'inia kati ya mbao na kupasuka kwenye mkunjo.

Bati lako nalo ni chanzo. Paa la mita za mraba 120, kwa mvua ya milimita 550, ukitoa robo hivi inayopotea, linakupa karibu lita 50,000 kwa msimu. Huwezi kuhifadhi zote, lakini tenki moja la lita 5,000 linaweza kujaa kwa mvua mbili tatu nzuri, na maji hayo hayana chumvi. Mvua ya kwanza ya msimu uiache ipite, inaosha vumbi la miezi saba na kinyesi cha ndege.

Nyumba yenye kisima chake huuzwa kwa bei ya juu, na wakati mwingine haistahili. Visima vingi vya hapa vina maji ya chumvi. Chemsha maji kwenye sufuria safi hadi yakauke uone utandu mweupe unaobaki. Nawa kwa sabuni ya mche uone povu. Maji ya aina hiyo huziba shawa za umeme, huunguza elementi, hugandisha koki. Peleka sampuli maabara kabla ya kuyahesabu kuwa ya kunywa, hasa kama kuna shimo la choo ndani ya mita 30. Omba pia kibali cha matumizi ya maji cha bodi ya maji ya bonde. Kisima kisicho na kibali kitakuwa mgogoro wako, si wa aliyekichimba.

Maji taka yana ukaguzi mfupi ila wengi huuruka. Mtandao wa majitaka wa DUWASA unafika sehemu tu ya mji, kwingine kote ni septiki na shimo la kunyonya. Kwenye mfinyanzi shimo halinyonyi, kwenye mwamba wachimbaji huishia kina kifupi. Fungua mifuniko yote. Shimo lililonyonywa juzi kabla ya wewe kuja utaliona: kuta zina alama ya mstari wa juu uliokuwa umefikiwa. Mwaga lita 200 kwa mfululizo, subiri nusu saa, tazama kama kiwango kinashuka. Na hakikisha gari la kunyonya linafika. Geti la mita mbili na nusu kwenye uchochoro ni shida ya kila mwaka.

Bati lichunguze kutokea ndani ya dari, saa sita mchana, taa zikiwa zimezimwa. Kila tundu litaonekana kama nyota. Madoa ya rangi ya chai kwenye jipsamu ni masika yaliyopita. Geji 28 ni nene kuliko 30, na kwa upepo wa Dodoma tofauti hiyo huonekana ukingoni, bati jembamba linapoanza kupiga kelele na kulegeza misumari. Ukiwa humo humo darini, tafuta mchwa. Vijia vya udongo vyenye upana wa kidole vinavyopanda ukutani kuelekea kenchi ndiyo dalili. Chini, choma fremu za milango kwa bisibisi sentimita kumi kutoka sakafuni. Bisibisi ikizama, mbao imeliwa na kubaki ganda la rangi. Mchwa wa hapa hawasamehi. Kupiga dawa juu ya vijia hakutoshi, hufa wanaoonekana tu. Dawa hutobolewa na kuingizwa kwenye udongo pembeni mwa msingi, kuzunguka nyumba yote.

Umeme nao una jambo la kiangazi. Waya wa ardhini hutegemea unyevu wa udongo ili kupitisha umeme wa hitilafu, na udongo wa Oktoba hapa ni mkavu kama jivu. Nyumba iliyopimwa Februari ikawa salama inaweza kuwa si salama Oktoba. Mwambie fundi aje na kipimo cha waya wa ardhini, asije na tester ya mfukoni peke yake. Ukipigwa na shoti ndogo kwenye shawa au friji, sababu ya kwanza ya kutafuta ni hiyo. Suluhisho ni fimbo ya ardhini iliyo ndefu zaidi, au fimbo mbili zilizounganishwa, zikiwa mahali penye unyevu wa kudumu, kwa mfano karibu na maji ya bafu yanapopita.

Karatasi ndizo hazijali msimu. Upekuzi ufanyike mapema, kabla hujamlipa mhandisi, maana nyumba nzuri yenye hati mbovu si nyumba ya kununua. Kwanza ujue umeshikishwa karatasi gani. Hati miliki ndiyo yenye nguvu. Barua ya toleo, tunayoiita ofa, ni hatua kabla ya hati. Mkataba wa mauziano uliogongwa muhuri wa serikali ya mtaa kwa eneo lisilopimwa ni ushahidi kwamba watu wawili walipatana, na hautoshi kusema hakuna wa tatu. Kwenye vijiji vilivyomezwa na jiji, ardhi ya ukoo huuzwa na ndugu mmoja, wengine wakajitokeza baadaye.

Dodoma ina historia yake. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, iliyoanzishwa 1973, ndiyo iliyokuwa ikigawa viwanja hadi ilipovunjwa Mei 2017 na kazi zake kukabidhiwa manispaa, ambayo tangu 2018 ni Jiji la Dodoma. Umiliki wa enzi za CDA ulikuwa wa miaka 33. Soma tarehe ya kuanza. Hati ya miaka 33 iliyoanza 1996 inaisha 2029, na unayenunua leo unanunua miaka hiyo iliyobaki, isipokuwa muda umekwisha kubadilishwa na maandishi yake yapo. Migogoro ya kiwanja kimoja chenye madai ya watu wawili pia ni ya kawaida hapa, kwa hiyo usiridhike na nakala ya muuzaji hata kama ina mihuri. Nenda ofisi ya ardhi na namba ya kiwanja, kitalu na eneo, omba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati, ulipe kwa namba ya malipo ya Serikali, upate jibu la maandishi. Litaonyesha mmiliki, rehani ya benki kama ipo, na zuio la mahakama au la mtu anayedai.

Kisha linganisha karatasi na ardhi. Chukua mpimaji mwenye leseni afufue mipaka kwa ramani ya upimaji na kukuonyesha mawe ya bikoni. Uzio unaoonekana si mpaka. Nimeona kuta za fensi zilizoingia mita nne kwenye barabara ya mtaa, na nyingine zilizomwachia jirani sehemu ya kiwanja bila mwenye nyumba kujua. Mpimaji huyo huyo akueleze umbali wa hifadhi ya barabara, ambayo kwa barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati, na kama kuna korongo, mita 60 za hifadhi ya vyanzo vya maji kwa Sheria ya Mazingira ya 2004. Maeneo yanayopitiwa na barabara ya mzunguko wa nje, kama Nala, Veyula, Mtumba, Ihumwa na Matumbulu, yaangaliwe kwa makini zaidi. Makorongo ya Dodoma ni makavu miezi saba, na hapo ndipo wanunuzi wa Agosti hujisahau.

Muuzaji akiwa na ndoa, ridhaa ya mwenzi iandikwe na kutiwa saini mbele ya wakili. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, hairuhusu nyumba ya familia kuuzwa bila ridhaa hiyo, na "tumeachana siku nyingi" si talaka. Nyumba ya marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, jina lake likiwa limeshaingizwa kwa Msajili. Anayeuza kwa niaba ya mtu aonyeshe hati ya uwakilishi iliyosajiliwa, nawe uhakikishe aliyeitoa yu hai, maana hati hiyo hufa naye.

Uhamisho wenyewe una fomu tatu ambazo wakili atazijaza: namba 29 ya taarifa ya uhamisho, namba 30 ya maombi ya kibali, na namba 35 ya uhamisho. Huambatana na ripoti ya uthamini, risiti za kodi ya pango la ardhi hadi mwaka huu, vitambulisho vya NIDA, namba za mlipakodi na picha. Kodi ya ongezeko la mtaji kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, nayo ni ya muuzaji. Ushuru wa stempu ni asilimia 1 na kwa kawaida hulipwa na mnunuzi. Mkataba uyataje yote mawili kwa jina la mlipaji. Watu wengi husuguana hapa, fedha ya nyumba ikiwa imeshaliwa.

Malipo yafuate hatua. Baada ya upekuzi safi na mkataba kusainiwa, sehemu ya kwanza. Fomu zikishasainiwa na hati halisi ikiwa mkononi mwa wakili, sehemu kubwa. Asilimia 10 ibaki hadi hati itoke kwa jina lako na nyumba iwe tupu. Yote yapite benki, na maelezo ya muamala yataje namba ya kiwanja. Muuzaji mwenye haraka ya fedha taslimu usiku huu mwache aende.

Siku ya kukabidhiwa, piga picha ya mita ya umeme na dira ya maji. Kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba isiyo ya ghorofa, na nyumba iliyofungwa mwaka mzima hulimbikiza deni: ukinunua umeme mara ya kwanza, shilingi 18,000 hukatwa kabla hujapata uniti hata moja. Mwambie muuzaji anunue yeye mbele yako, mwone risiti pamoja. Akaunti ya DUWASA ihamishiwe kwako ikiwa haina deni. Halafu funga koki zote, zima matumizi, itazame dira kwa robo saa. Mshale ukizunguka, bomba linavuja chini ya sakafu, na kwenye udongo mweusi huo ndio mwanzo wa nyufa. Vitasa vya nje vibadilishwe siku hiyo hiyo, tenki lisafishwe na kuwekwa klorini, nawe ujitambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa na mjumbe. Barua zao utazihitaji mapema kuliko unavyodhani.

Anayehama kutoka Dar es Salaam na samani za mninga au mbao nyingine ngumu ajue hewa ya hapa ni kavu. Meza iliyozoea unyevu wa pwani ikiwekwa dirishani Septemba hupasuka kwenye maungio, na milango ya kabati hulegea. Iweke mbali na jua miezi ya kwanza, uipake mafuta ya mbao, fundi asiikaze skrubu hadi mbao itulie. Milango ya nyumba nayo iliyobana masika hulegea kiangazi. Usiirande mwezi wa pili, subiri mwezi wa nane uone imebaki na kiasi gani.

Ikija mvua kubwa ya kwanza, zunguka nyumba na tochi ingali inanyesha. Tazama maji yanasimama wapi, yanaelekea kona ipi, gata lipi linafurika, dari inatoa doa chumba gani, shimo la maji taka linajaa au la. Weka alama kwa chaki ukutani na kwa vijiti ardhini, maana asubuhi yatakuwa yamenywewa na ardhi. Kazi ya mkanda wa zege na mifereji ipangwe kwa alama hizo, mafundi waitwe Mei, udongo ukiwa umeanza kukauka lakini bado unachimbika.